Kitanda cha kati: tafakari juu ya treni ya usiku



Waamini wetu wanaosafiri kwenda India si haba. Wapo wanaokwenda kutibiwa, wapo vijana wanaokwenda vyuoni, wapo na wafanyabiashara wanaofuata nguo, dawa na vipuri. Kabla ya kuondoka baadhi yao hufika kutuaga, na mara kwa mara hutuuliza swali ambalo pengine wengine wasingetarajia padre awe na jibu lake: wakishafika kule, na ikiwalazimu kutoka mji mmoja hadi mwingine ulio mbali, je, wapande ndege au treni?

Jibu letu ni moja, na juma hili tumeona vema tuliandike ili liwafikie wengi. Kama afya inaruhusu na muda upo, msafiri na apande treni ya usiku, tena akate tiketi ya behewa la kulala la kawaida, lile lenye vitanda vitatu vitatu ukutani, asijifungie katika chumba cha daraja la kwanza. Hatusemi hivyo kwa ajili ya bei, ingawa bei yake ni nafuu sana ukilinganisha na ndege. Wala hatusemi kwa ajili ya mandhari, maana usiku hakuna mandhari ya kutazama. Tunasema hivyo kwa sababu ndani ya behewa lile ipo kanuni moja ndogo inayohusu kitanda cha kati, na tunaamini kwamba mtu aliyelala usiku mmoja chini ya kanuni hiyo hujifunza jambo juu ya haki ambalo sisi wahubiri huhitaji Jumapili nyingi kulieleza.

Tuanze kwa kulieleza behewa lenyewe kwa ajili ya wale wasiolijua. Reli ya India ni pana kuliko zetu. Umbali kati ya chuma na chuma ni milimita 1,676, ilhali reli yetu ya kati ya zamani ni milimita 1,000 na ile mpya ya kisasa ni milimita 1,435. Kwa hiyo behewa nalo ni pana, na ndani yake upo ujia mmoja mrefu usio na milango ya vyumba. Upande mmoja wa ujia huo zipo sehemu zilizo wazi, kila sehemu ikiwa na vitanda sita vinavyoelekeana, vitatu ukuta huu na vitatu ukuta ule. Upande wa pili, dirishani, vipo vitanda viwili zaidi, kimoja juu ya kingine, vilivyolazwa kufuata urefu wa behewa. Jumla ni vitanda vinane kwa kila sehemu. Behewa la muundo wa zamani lina sehemu tisa, yaani vitanda 72. La muundo mpya lina sehemu kumi, yaani vitanda 80. Watu themanini wasiojuana, wake kwa waume, wazee kwa watoto, wanalala pamoja bila mlango wala kufuli kati yao.

Sasa tuutazame ukuta mmoja wenye vitanda vitatu. Kile cha chini, wakati wa mchana, ndicho benchi wanalokalia abiria wote watatu. Kile cha juu kimefungwa karibu na dari na kipo daima. Mwenye nacho aweza kulala hata saa sita mchana, ingawa kwa mtu wa makamo kama sisi, kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Kitanda cha kati ndicho chenye mambo. Mchana hukunjwa na kuwa egemeo la mgongo kwa walioketi benchini. Kikiinuliwa na kuning'inizwa kwa minyororo yake, hakuna awezaye kukaa wima chini yake, maana kichwa kitagonga. Kwa hiyo mwenye kitanda cha kati hawezi kulala mpaka walioketi chini wakubali kuinuka, na mwenye kitanda cha chini hawezi kuketi mpaka wa kati akubali kuamka.

Wizara ya Reli ya India imeweka kanuni juu ya jambo hili. Kitanda cha kati hufunguliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya saa hizo, mwenye nacho hana budi kukikunja na kuwaachia wenzake nafasi ya kuketi. Hapo awali muda huo ulianza saa tatu usiku. Mwaka 2017 ukapunguzwa kwa saa moja, kwa kuwa walikuwapo abiria waliolala mara tu walipoingia, wakaendelea kulala jua likiwa limekwisha kuchomoza, huku wenzao wakikosa pa kukaa. Kanuni hiyo hiyo iliongeza jambo lililotugusa sana: iliwaomba abiria washirikiane kuwavumilia wagonjwa, walemavu na akina mama wajawazito watakaohitaji kulala zaidi ya saa zilizowekwa. Kwa wenye nguvu kanuni iliamuru. Kwa ajili ya wanyonge iliomba moyo wa mtu.

Mpendwa msomaji, hebu tulipime neno hili. Mwenye kitanda cha kati amelipa nauli kamili. Jina lake limeandikwa, namba ya kitanda anayo, tiketi anayo. Kwa hesabu za dukani kitanda ni chake tangu anapopanda hadi anaposhuka. Lakini behewa linamwambia: hiki ni chako kwa saa nane, na kwa saa zilizobaki ni mgongo wa jirani yako. Naye mwenye kitanda cha chini, anayedhani amepata bora kuliko wote, anaambiwa kwamba mchana hana kitanda bali ana benchi, na kwenye benchi lake wana haki ya kuketi watu wawili ambao hakuwaalika. Hakuna aliyedhulumiwa hata mmoja. Kila mmoja amepata alicholipia, ila amekipata pamoja na wajibu wake kwa mwenzake.

Ipo pia tiketi ya namna nyingine, ambayo kwetu ni ngeni. Vitanda vikijaa, msafiri aweza kupewa nusu ya kitanda. Watu wawili hugawiwa kitanda kimoja cha chini cha dirishani, ambacho hukunjuka kikawa viti viwili vinavyotazamana. Huketi hapo wakisubiri kama yupo aliyeahirisha safari ili mmoja wao apewe kitanda chake. Asipopatikana, hukaa hivyo hadi asubuhi, au hukilaza kitanda na kulala mzungu wa nne, miguu ya huyu ikielekea kichwani kwa yule. Wanaoishi katika vyumba vya kupanga mjini wanaelewa tunachosema.

Sisi tulipata kusafiri hivyo kutoka Chennai hadi Thiruvananthapuram, katika jimbo la Kerala, mwendo wa takriban kilomita 900. Treni iliondoka jioni. Ukuta wetu ulikuwa na watu watatu: kijana mwanafunzi aliyekuwa na kitanda cha chini, sisi wenye kitanda cha kati, na bibi mmoja mzee ambaye tiketi yake ilimpeleka juu kabisa, karibu na feni. Bibi yule aliinua macho akakitazama kitanda chake, kisha akayashusha, hakusema neno. Kabla hatujafikiri la kufanya, kijana alikuwa amekwisha kutupa begi lake juu, akamwonyesha mzee benchi kwa mkono na kumwita *amma*, yaani mama. Hakuna aliyempongeza, kwa kuwa kwa waliokuwapo halikuwa jambo la kupongezwa. Baadaye tulifahamu kwamba Reli ya India hutenga sehemu ya vitanda vya chini kwa ajili ya wazee, wajawazito na wanawake waliotimiza umri wa miaka 45, lakini vitanda hivyo huwahi kuisha. Pale mgao wa serikali unapokoma, kijana mmoja huendeleza.

Baada ya hapo vifurushi vya chakula vikafunguliwa. Wali wa ndimu uliofungwa katika jani la mgomba ulitufikia bila sisi kuuomba, na karanga zetu zikazunguka hadi dirisha la pili. Ilipokaribia saa nne mtu mmoja alitazama saa yake, akasimama, na wote wakasimama. Kitanda cha kati kikainuliwa, minyororo ikafungwa, viatu vikasukumwa chini ya benchi. Mbele yetu mwanaume mmoja alinong'ona dua yake ya Kiislamu, amma alifumba macho huku mikono yake ikiwa imekutana kifuani, nasi tukaitoa rozari mfukoni. Kisha taa zikazimwa ikabaki ile ya buluu. Usiku wa manane aliyeshuka Coimbatore aliimulika sakafu kwa tochi ya simu yake, akiwa ameizuia kwa kiganja ili mwanga usimpige mtu usoni. Hatukuwahi kumwona uso wake, lakini tunamkumbuka.

Asubuhi tuliamshwa na sauti iliyokuwa ikipita ujiani: "Chai, chai!" Mtu aliyetoka Afrika Mashariki anapolisikia neno hilo kilomita elfu kadhaa kutoka kwao, kabla hajafungua macho, hudhani bado yuko nyumbani. Wala si hilo tu. Wahindi wa kaskazini huiita treni *relgadi*, na hiyo *gadi* ndiyo gari letu. Chapati nayo ilipita muda si mrefu baadaye. Ukweli ni kwamba watu hawa si wageni kwetu hata katika mambo ya reli. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao hawakurudi kwao wakiwa hai. Anayekwenda kulala katika behewa la Kihindi anakwenda kwa watu ambao damu yao iko katika udongo wa Tsavo.

Hapo tunajua zipo hoja za kutupinga, nazo ni za haki. Ya kwanza ni usalama wa mizigo. Ni kweli wezi wapo, kama walivyo katika stesheni zetu. Chini ya vitanda vya chini vipo vipete vya chuma vya kufungia mizigo, na minyororo yenye kufuli huuzwa stesheni. Msafiri na anunue mmoja, na pasipoti na fedha alale nazo mwilini. Ya pili ni usalama wa wanawake. Hapa hatuwezi kusema kwa wepesi. Reli yetu ya kati, katika daraja la pili kulala, ina desturi njema ya kuwatenga wanaume na wanawake katika vyumba vya watu sita, isipokuwa familia iliyochukua chumba kizima. India haifanyi hivyo katika mabehewa ya kawaida. Kwa dada au binti anayesafiri peke yake tunashauri achague kitanda cha juu, asisafiri bila ndugu zake kujua namba ya treni na ya kitanda, na aiweke katika simu namba 139, ambayo ndiyo ya kuombea msaada katika treni zote za India. Na mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji apande kile daktari atakachomwambia; ushauri wetu haumhusu.

Ya tatu ni starehe. Behewa la kulala la bei ya chini lina madirisha yenye vyuma na feni za darini, halina shuka wala mto. Kitenge kimoja na sweta vinatosha. Asiyeweza kuvumilia joto lipo behewa lenye kiyoyozi ambamo hupewa shuka, mto na blanketi. Humo nako vitanda ni vitatu vitatu, na kitanda cha kati kina kanuni ile ile. Fundisho halipotei kwa sababu ya kiyoyozi. Hupotea pale mtu anapoingia katika chumba chenye kitasa na kufunga mlango.

Hoja ya nne ndiyo nzito, na tulielezwa na mhandisi mmoja tuliyekuwa naye katika safari ile. Alisema kwamba ni rahisi kwa mgeni kuusifu msongamano wa wengine. Anayesafiri hivyo kwa usiku mmoja huona udugu. Anayesafiri hivyo maisha yake yote, kwa kuwa hana fedha ya kusafiri vingine, huona mgongo unaouma. Tuliliafiki neno lake, na ndiyo maana hatutaki msomaji afikiri kwamba tunausifu umaskini. Historia ya treni hizi yenyewe inatuonya.

Tarehe 7 Juni 1893, mwanasheria kijana wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alikuwa katika treni ya usiku kutoka Durban kuelekea Pretoria, naye alikuwa ugenini kama sisi. Alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza. Abiria mmoja mzungu hakutaka kukaa naye, na alipokataa kuhamia behewa la chini akashushwa kwa nguvu katika stesheni ya Pietermaritzburg, akakesha kwa baridi katika chumba cha kusubiria. Angeweza kutumia maisha yake yote kudai nafasi katika daraja la kwanza. Badala yake, aliporejea India mwaka 1915 alichagua kusafiri daraja la tatu, na mwaka 1917 akachapisha maelezo yake juu ya hali aliyoikuta humo. Alieleza safari ya kutoka Bombay hadi Madras, usiku mara mbili njiani, katika behewa lililoandikwa kubeba watu 22 wa kuketi tu, lisilo na kitanda ambacho mtu angeweza kujilaza salama. Hakuandika ili kuusifu udugu wa watu waliobanana. Aliandika kwamba hawa wanaolipa kidogo mmoja mmoja ni wengi, na wanatendewa kama mizigo.

Ilichukua miaka sitini kwa mtu mwenye madaraka kulitekeleza jambo hilo kwa namna iliyoweza kuguswa kwa mkono. Mwaka 1974 jina la daraja la tatu lilikuwa limefutwa na abiria wake kuitwa wa daraja la pili, lakini vitanda vyao vilibaki kuwa mbao tupu. Mwaka 1977 aliteuliwa kuwa Waziri wa Reli Profesa Madhu Dandavate, mwalimu wa fizikia na mtu wa siasa za ujamaa. Aliamua kwamba vitanda vya mbao vya daraja la pili vifunikwe kwa sponji ya inchi mbili. Tarehe 26 Desemba 1977 ikazinduliwa treni ya Geetanjali, kati ya Bombay na Howrah karibu na Kolkata, iliyokuwa na daraja moja tu kwa abiria wote, na vitanda vyake vilikuwa na sponji hiyo. Baadaye sponji ikaenea katika treni nyingine. Waziri huyo hakuona haja ya kuwashusha walio juu ili mambo yawe sawa. Aliwainua walio chini inchi mbili. Mawaziri wengi wa reli wamepita tangu hapo wakiwa na mipango mikubwa zaidi, lakini huyu ndiye ambaye mamilioni ya watu wamelala juu ya uamuzi wake.

Kwa mantiki hiyo, tunapowashauri waamini wetu walale katika behewa la kawaida, hatuwaambii wakaone jinsi maskini wanavyovumilia. Tunawaambia wakaone jinsi haki ilivyo jambo la kimwili: ni inchi mbili za sponji, ni saa nane za usingizi, ni kitanda cha chini kwa mwenye magoti mabovu. Tunaposema haki kanisani au bungeni, neno hilo huelea hewani. Katika behewa lile lina minyororo miwili na linabeba uzito wa mtu.

Hata hivyo, haki hiyo ina mpaka, na tusingekuwa wakweli tusingeutaja. Kanuni ya kitanda cha kati huwalinda wale tu ambao majina yao yamo katika orodha. Treni nyingi za masafa marefu za India huwa pia na mabehewa yasiyowekewa nafasi, ambayo kwa kawaida hufungwa mbele kabisa na nyuma kabisa. Humo mtu hununua tiketi ya bei ya chini kuliko zote na kuingia kama awezavyo. Hakuna kitanda, hakuna namba, hakuna jina. Watu husimama usiku kucha, hukaa mlangoni, huning'iniza watoto wao katika machela ya khanga zilizofungwa kwenye vyuma. Ukitembea kutoka behewa lako kuelekea huko utakuta mlango umefungwa kwa ndani, ili wa huko wasije huku.

Tarehe 2 Juni 2023, jioni, treni ya Coromandel iliyokuwa ikielekea Chennai iliigonga treni ya mizigo karibu na Balasore, katika jimbo la Odisha, na treni nyingine ya abiria ikahusika pia. Watu zaidi ya 290 walipoteza maisha. Kwa waliokuwa na vitanda, orodha ilikuwapo: jina, umri, namba ya behewa. Kwa waliokuwa katika mabehewa yasiyowekewa nafasi hakukuwa na orodha yoyote ya kuwaambia ndugu zao kwamba walikuwa humo. Tumelitafakari hili mara nyingi. Maskini hukosa kitanda angali hai, na siku ya msiba hukosa hata mstari katika karatasi.

Tunalileta jambo hili nyumbani kwa sababu linatuhusu. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na ujenzi wa reli hiyo ya kisasa umekuwa ukiendelea kuelekea Tabora na Mwanza, njia ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani hadi ziwani. Sote tunaifurahia. Lakini reli hiyo itakapofika Mwanza, safari za usiku zitakuwapo, na mtu fulani ofisini ataamua ni vitanda vingapi viwekwe, kwa bei gani, na waliobaki wakae wapi. Wale waliosafiri kwa reli ya zamani kwenda Kigoma wanamjua mama wa daraja la tatu aliyelala chini, kati ya viti, akiwa na mtoto mgongoni na kapu la dagaa mapajani. Tuna haki ya kuuliza mapema, kwa heshima, kabla mabehewa hayajaagizwa: mama huyu amepangiwa wapi? Akiwekewa sponji ya inchi mbili na namba ya kitanda, sisi wengine hatutapungukiwa kitu. Akisahauliwa, basi tutakuwa tumejenga reli mpya yenye mlango ule ule uliofungwa kwa ndani.

Nasi ambao hatuagizi mabehewa tunayo vitanda vya kati vyetu. Ni mwenye gari anayeegesha mbele ya lango la jirani kwa kuwa barabara ni ya wote. Ni mpangaji anayefungulia muziki saa sita usiku kwa kuwa kodi amelipa. Ni msharika anayeweka mkoba juu ya benchi la kanisa ili pembeni yake pasikaliwe. Wote hao wana haki zao, na kila mmoja anaweza kukuonyesha risiti. Wanachokosa ni kule kutazama saa, kusimama, na kumpisha mwenzao bila kusubiri kuambiwa.

Basi, ndugu zetu mnaojiandaa kwa safari ya India, nafasi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, nazo huisha upesi, kateni mapema. Katika baadhi ya treni wageni hutengewa nafasi chache, na pasipoti itahitajika. Chukueni mnyororo, kitenge na chakula cha kutosha watu wawili, maana hamtakula peke yenu. Mkipewa kitanda cha chini, tazameni kwanza ni nani aliyepewa cha juu. Mkipewa cha kati, msikifungue kabla ya saa nne, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi kikunjeni hata kama usingizi bado ni mtamu. Yupo mtu aliyesimama ujiani anayengoja kuketi.

Tunawatakia safari njema na juma lenye amani.